Sumu Inayojishika Kwenye Mafuta

Kila kipindupindu kinapozuka huwa nawasikia watu wakionya kwamba mgonjwa asipewe maji, eti atazidi kuharisha. Leo nataka kueleza kwa nini maneno hayo yanaua.

Kila chembe hai ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, wenye tabaka mbili. Utando huo huzuia vilivyomo ndani visichanganyike ovyo na vya nje. Kisha umo na milango ya protini, ambayo hupitisha chumvi na sukari kwa mpango.

Baadhi ya mafuta hayo yana kichwa cha sukari kilichojitokeza nje. Aina mojawapo, ambayo wataalamu huiita GM1, imo katika utando wa chembe za utumbo mwembamba. Hapo ndipo sumu ya kipindupindu inapojishika.

Sumu hiyo ilithibitishwa mwaka 1959 na Dk. S. N. De wa Calcutta, India, kwa kutumia utumbo wa sungura. Ina sehemu tano za kushikia na moja ya kudhuru. Zile tano hukamata GM1, na ile moja hupenya ndani ya chembe. Bakteria mwenyewe hubaki nje. Chembe ikishavamiwa humwaga chumvi utumboni bila kikomo, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Lakini upo mlango ambao sumu hii haiufungi, nao ni ule unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja. Vikiingia, maji nayo huingia. Ndiyo maana ya ule mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Sukari hapo si ya kuleta utamu; bila sukari, mlango haufunguki.

Kuharisha hakutakoma papo hapo, na hilo lisiwatishe. Wagonjwa mahututi wasiotibiwa, nusu yao au zaidi waweza kufa. Wakirudishiwa maji mapema, hafi hata mmoja katika 100.

Basi tumnyweshe mgonjwa tangu nyumbani, na njiani kuelekea hospitali tusiache. Asiyeweza kunywa anahitaji dripu haraka.