Gobori la Babu Halijafa

Leo katika safu hii tumeona ni wajibu wetu kulizungumzia jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni magobori ya kale yaliyosalia majumbani. Liko gobori lililotundikwa ukutani kama pambo, na liko lililolazwa darini, na watoto wanajua lilipo. Kila mtu husema limekwisha kufa. Sisi tunasema kuwa gobori halifi kwa uzee.

Silaha hizi zina historia yake. Katika karne ya 19 bunduki na baruti zilipitia bandari ya Unguja kwenda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa zile za gumegume. Mkoloni akajiwekea silaha mpya, Mwafrika akaachiwa gobori. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wananchi wenye magobori, mikuki na mishale walikabiliana na bombomu za Wajerumani. Kwa hiyo kuliweka gobori ni kuweka historia. Lakini kuliweka bila ya ujuzi ni kuweka mauti nyumbani.

Hatari iko wapi? Gobori hushindiliwa kwa mdomo: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi au marisau. Moto huingia kwa nyuma, penye kifa. Halifunguliwi likaonekana tumbo lake, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu hata kwa miaka mia mbili. Mwezi Januari 2013, mjini New York, mafundi waliokuwa wakisafisha mzinga wa karne ya 18 waliukuta bado umeshindiliwa baruti na tufe. Miaka mingi ulikuwa umewekwa hadharani, watu wakiupita bila ya hofu.

Kupima ni kazi nyepesi, lakini aifanye mwenye ujuzi. Mtutu uelekezwe pasipo watu, na mtambo usiguswe. Mdeki wa mti, si wa chuma, uteremshwe taratibu ndani ya kasiba hadi ukome, uso na kiganja vikiwa kando ya mdomo. Utiwe alama pale unapotokeza, kisha utolewe na kulazwa juu ya kasiba kwa nje. Ukifika usawa wa kifa, gobori ni tupu. Ukikomea mbali na kifa, ndani mna kitu. Hapo lisitikiswe, lisichokolewe, wala lisijaribiwe kwa kufyatuliwa. Watu waondolewe na polisi waarifiwe.

Kwa wale wenye kibali cha kulitumia, tunakumbusha machache. Baruti ipimwe katika kipimo chake. Isimiminwe moja kwa moja kutoka katika pembe, kwani kaa dogo lililosalia ndani ya kasiba laweza kuiripua pembe nzima mkononi. Baruti ya risasi za kisasa isitiwe kabisa, maana nguvu yake hupasua kasiba. Risasi ishindiliwe mpaka iikalie baruti, kwani nafasi ikibaki baina yake, kasiba yaweza kupasuka. Fataki iwe ya mwisho kuwekwa. Gobori likikataa kulia, mtutu ubaki ulikoelekea kwa muda wa dakika nzima au zaidi, kwani moto huweza kuchelewa. Baada ya kazi, kasiba ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe na kupakwa mafuta siku ile ile. Masizi ya baruti hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya bahari kutu haingoji wiki.

Kwa ndugu zetu maofisa tuna neno moja. Mwananchi anayeleta gobori la marehemu babu yake apokewe kwa heshima, asihojiwe kama mhalifu. Akitishwa mmoja, kumi watayaficha yao, na yaliyofichwa ndiyo yatakayoua watoto. Nayo magobori yanayopokewa yapimwe kabla ya kuingizwa ghalani. Masheha na viongozi wa matawi ya Chama waieleze habari hii nyumba kwa nyumba.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Basi tuanze na dari zetu.