Sungura Ameondolewa Mlimani

Yapo mambo ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa ni ya watu wengine kabisa, tena ya upuuzi, lakini ukiyachungua huyaona yameshikamana na sisi wenyewe. Mojawapo ni ule ubishi uliozuka Marekani juu ya mchezo mmoja wa kuteleza majini katika viwanja vya kufurahishia vya kampuni ya Disney. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, walitia saini hati za malalamiko kwa maelfu, wakapanga foleni kwa masaa, na wengine wakatokwa na machozi, kwa sababu mlima wa saruji unabadilishwa sura. Sisi hatuoni vyema kuwacheka.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana wengi katika wasomaji wetu hawajauona. Mlima huo uliitwa Splash Mountain. Wa kwanza ulifunguliwa tarehe 17 Julai, 1989, huko California, na mingine miwili ikafuata mwaka 1992, mmoja Florida na mmoja Tokyo, Japani. Abiria huketi ndani ya chombo kilichofanywa mfano wa gogo lililochongwa kama mtumbwi, wakachukuliwa na maji polepole katika mapango yenye sanamu za wanyama zinazokwenda kwa mitambo, zikiimba na kusemezana, hata mwisho wakaporomoka kutoka kimo cha kama mita 16 na kutota chapachapa. Sanamu nyingi za mlima wa California zilikuwa zimetolewa katika onyesho jingine la kampuni hiyo hiyo, America Sings, lililofungwa mwaka 1988. Kwa hiyo mlima huo nao ulianza maisha yake kwa kurithi mali ya onyesho lililokufa, jambo ambalo wapenzi wake wengi hawapendi kukumbushwa.

Hadithi iliyosimuliwa mapangoni humo ni ya mnyama ambaye mtoto wa visiwa hivi hahitaji kujulishwa kwake: Sungura. Huko humwita Br'er Rabbit, yaani Ndugu Sungura. Mbweha na Dubu wanamwinda, wanamnasa, naye anawasihi wamfanye lolote walitakalo, wamchome, wamle, ila tu wasimtupe katika ile miiba. Wao kwa uovu wao wanamtupa miibani, naye anakwenda zake akicheka, kwani miibani ndiko alikozaliwa. Lile poromoko la mita 16 lilikuwa ndiko kutupwa kwenyewe, na abiria alianguka pamoja na Sungura.

Msomaji aliyekaa miguuni pa bibi yake atakuwa ameitambua hila hiyo. Katika kitabu cha hadithi za Unguja alichokichapisha George Bateman mjini Chicago mwaka 1901, Sungura anakwenda kula asali katika mti wa Simba, na Kobe alipokamatwa kwa kosa hilo anamshauri Simba amsugue matopeni mpaka gamba limtoke. Simba anasugua mpaka makucha yake mwenyewe yanachubuka. Mnyonge anamfundisha mwenye nguvu namna ya kumwadhibu, na adhabu hiyo ndiyo njia yake ya kutokea. Hatusemi kwamba hadithi ya Marekani ilitoka Unguja. Watumwa waliopelekwa huko wengi wao walitoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, na hadithi ya mnyama mjanja aliyenaswa kwa ulimbo huhadithiwa sehemu nyingi za bara letu. Lakini ukoo ni mmoja, na watu walionyang'anywa kila kitu melini walivuka bahari na Sungura wao vichwani, wakawahadithia watoto wao usiku namna asiye na nguvu anavyoweza kuishi kati ya wenye meno.

Ni jinsi Sungura huyo alivyofika mikononi mwa wengine ndiko kulikozaa ugomvi. Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti kama sisi, alipokuwa kijana akijifunza kazi ya kupiga chapa katika shamba moja la Georgia, alizisikia hadithi hizo kwa watumwa wa hapo. Mwaka 1880 akazitoa katika kitabu, akiwa amezitia kinywani mwa mzee wa kubuni, Uncle Remus, ambaye zama za utumwa anazikumbuka kwa wema tu. Mwaka 1946 Disney ikakifanya kitabu hicho filamu, Song of the South. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliisifu kazi ya mikono iliyofanywa humo lakini kikailaumu filamu kwa kuonyesha mapenzi matupu baina ya mabwana na waliokuwa watumwa wao. Mchezaji wake mkuu, James Baskett, mtu mweusi, hakuweza kuhudhuria ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, kwani sheria za ubaguzi za mji huo hazikumpa nafasi ya kuketi na wenziwe. Na mwaka 1948 akatunzwa tuzo ya heshima ya Oscar kwa kazi hiyo hiyo. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya mwisho katika majumba ya senema ya Marekani mwaka 1986, na kampuni haikupata kuiuza huko katika kanda za nyumbani.

Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa katika mji ule ule wa Eatonton alikozaliwa Harris, alieleza mwaka 1981 kwamba mtu huyo pamoja na filamu iliyofuata walimwibia sehemu ya urithi wake, kwa kuwa watoto weusi waliotazama waliona haya juu ya hadithi za babu zao. Sisi twaona kwamba neno hilo lina uzito kupita yote yaliyosemwa katika ugomvi huu.

Nao waliojenga mlima walikuwa na khofu yao. Mzee Remus hawakumweka kabisa, na lile sanamu la lami lililomnasa Sungura katika hadithi wakalibadili kuwa mzinga wa asali. Walijua tangu 1989 kwamba wamejenga juu ya ardhi yenye shida.

Tarehe 25 Juni, 2020, mwezi mmoja baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, kampuni ilitangaza kwamba milima ya California na Florida itapewa hadithi nyingine, ya Tiana, binti mweusi wa New Orleans katika filamu ya mwaka 2009, The Princess and the Frog. Kampuni ilieleza kwamba shauri hilo lilianza mwaka mmoja kabla. Wapo walioamini na wapo wasioamini, na hapo ndipo wapenzi walipogawanyika.

Kundi la kwanza lilishangilia. Hata kabla ya tangazo watu kwa maelfu walikuwa wametia saini kuomba badiliko hilo hilo. Wazazi weusi walisema kwamba kwa miaka 30 waliwapandisha watoto wao katika mchezo wenye furaha kubwa na asili ya fedheha, na sasa wataweza kupanda bila ya kutafuta maneno ya kuwaeleza. Kundi la pili liliandika hati zake, nazo zilipata saini nyingi kuliko za kwanza, likidai kwamba historia inafutwa. Ajabu ni kwamba wengi katika hao, kwa umri wao, hawakupata kuiona filamu yenyewe. Walichokuwa wakikitetea ni mlima, mkono wa baba uliowashika walipokuwa na miaka saba, na nguo zilizotota. Kumbukumbu ya namna hiyo si ubaguzi, na walikosea waliowaita wote wabaguzi. Lakini si hoja pia. Lilikuwako na kundi la tatu, dogo na lenye akili kuliko yote kwa maoni yetu, lililosema: badilisheni mtakavyo, mradi mlete kitu kilicho kizuri sawasawa na hiki.

Siku ya mwisho ya mlima wa Florida, tarehe 22 Januari, 2023, watu walisimama foleni zaidi ya masaa matatu kwa ajili ya safari ya dakika kumi. Baadaye wakatokea wachuuzi waliotangaza katika soko la eBay chupa za maji waliyodai kuwa yametekwa katika mfereji wake. Tumewahi kuona maji ya zamzam yakibebwa kwa heshima, lakini haya ya bomba la Florida hatukuyatazamia. Mlima wa California ulifungwa mwishoni mwa Mei mwaka huo huo. Ule wa Tokyo haukuguswa na uamuzi huo.

Mchezo mpya, Tiana's Bayou Adventure, ulifunguliwa Florida tarehe 28 Juni, 2024, na California tarehe 15 Novemba. Mfereji ni ule ule na poromoko ni lile lile. Tiana, ambaye tabia yake ilichukuliwa kwa sehemu kutoka kwa mpishi mashuhuri wa New Orleans, marehemu Leah Chase, sasa ana biashara ya vyakula ambayo ni ushirika unaomilikiwa na wafanyakazi wake. Tulitabasamu tuliposoma hayo: ushirika, uliotupa taabu sisi wa Afrika Mashariki kwa miongo mizima, umekwenda kustawi ndani ya mlima wa mabepari! Abiria wanamsaidia Tiana kutafuta wanyama wapiga muziki kwa ajili ya sherehe, wanawapata, na wote wanafurahi.

Sanamu mpya zilisifiwa hata na waliokuja kwa nia ya kulaumu. Uso na mikono yake huenda kwa ulaini usiokuwako zamani. Wiki za mwanzo mitambo ilisimama mara kwa mara, nalo likawa shangwe kwa wenye kinyongo. Lakini lawama iliyodumu ni nyingine, na imetoka hata kwa waliounga mkono badiliko: hadithi mpya haina adui. Yule mchawi mbaya wa filamu hayumo. Zamani abiria alipopanda kwenda kileleni alijua kwa nini anaogopa, kwa kuwa kuna mtu anayetaka kumtupa. Sasa anaanguka kwa sababu mfereji umefika hapo. Inaonekana watengenezaji, kwa kuogopa kumuudhi mtu yeyote baada ya kelele zote hizo, waliondoa dhulma ya zamani na pamoja nayo wakaondoa khofu, ilhali hadithi yoyote ya watu walioonewa bila ya mwonevu ndani yake imebaki nusu. Watumwa wa Georgia hawakumwondoa Mbweha.

Maoni yetu ni kwamba badiliko lilikuwa la haki. Haiwezekani kuijenga furaha ya watoto wote juu ya kitu ambacho baadhi yao wakikijua asili yake watainamisha vichwa. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na mchezo mwingine wa maharamia ambamo, tangu 1967, wanawake waliofungwa kamba walipigwa mnada na watazamaji wakicheka. Sehemu hiyo iliondolewa mwaka 2018, na wapo waliolalamika. Sisi tunaopita Mkunazini kila siku, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, hatuwezi kukiona kichekesho cha mnada wa watu. Lakini haki hiyo imetekelezwa kwa njia ya mkato. Kosa lilikuwa la Remus na la filamu, na aliyefukuzwa ni Sungura, ambaye hakuwa na hatia yoyote. Kinachostahili kudaiwa si kurejeshwa kwa mlima wa zamani, bali Sungura arejeshwe kwa wenyewe, asimuliwe na watu weusi wa Marekani kwa majina yao na kwa sauti zao.

Na hapa kwetu je? Padri Edward Steere alizikusanya hadithi za Kiswahili hapa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, na ni yeye huyo aliyesimamia ujenzi wa kanisa lililoko penye lile soko. Tumebahatika kwamba hadithi zetu ziliandikwa kwa lugha yetu wenyewe. Lakini ni skuli ngapi za Unguja na Pemba ambamo mtoto wa leo husikia hadithi ya Sungura kwa mwalimu au kwa mzee aliyealikwa, wala si kwa katuni za nje tu? Tunawauliza wakuu wa elimu, na tungependa kuchapisha jibu lao katika ukurasa huu.

Kuna na jambo la pili, ambalo ni la Serikali na la mabaraza ya miji. Visiwa vyetu vina viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Pemba, ambavyo siku za Idi hujaa hata pa kukanyaga hapaonekani. Ipo bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Vyote hivi vitahitaji kukarabatiwa tena, kwa kuwa chuma huliwa na chumvi ya bahari na watoto huongezeka. Wamarekani walipata habari ya mlima wao kwa tangazo lililokwishakamilika, na nusu ya hasira yao ilitokana na hilo. Itakapofika zamu yetu, michoro na itundikwe mapema palipo na watu, penye lango la kiwanja chenyewe na sokoni, wazazi wapewe wiki kadhaa za kusema, na mafundi wawe tayari kusikiliza. Na katika michoro hiyo tungependa kumwona Sungura mahali fulani, juu ya mbuyu wenye asali, na Simba chini yake akimsugua Kobe. Mafundi seremala na wachoraji wa kuifanya kazi hiyo tunao hapa hapa.