BUSTANI YA UANI: MISIMU YAKE NA WADUDU WAKE

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, hupata thawabu ya sadaka. Hapo wanafunzi hutuuliza: Je, basi tuwaachie wadudu bustani nzima? Jawabu ni hapana. Kuzuia madhara kunaruhusiwa, lakini kuna adabu zake, na hizo ndizo tutakazozieleza.

MISIMU
Hapa kwetu pwani, masika (Machi hadi Mei) huwa na mvua nyingi. Tuinue matuta kiasi cha shubiri moja ili mizizi isioze, na tupande mchicha, bamia, kunde na matembele. Miche ya nyanya na bilinganya tuihamishe mvua zikianza kupungua, ili izae wakati wa kipupwe, kwani nyanya zikilowa kila siku hushikwa na ukungu. Vuli (Oktoba hadi Desemba) hutupa nafasi ya pili ya mchicha na kunde. Kiangazi cha Januari na Februari tufunike udongo kwa majani makavu na tumwagilie asubuhi na jioni. Maji ya kutawadhia nayo tuyachimbie mfereji yaende bustanini, yasipotee bure.

WADUDU
1. Vidukari. Hukaa chini ya majani wakifyonza utomvu, na hueneza maradhi ya mimea. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwenye majani machache kwanza, kisha nyunyiza jioni. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wanafuata utamu unaotoka kwa vidukari. Ondoa vidukari, na sisimizi wataondoka wenyewe. Tusiwachome moto, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kuadhibu kwa moto.

2. Viwavi na inzi weupe. Twanga kokwa kavu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Jua kali huondoa nguvu ya dawa hii, kwa hiyo irudiwe kila baada ya wiki moja.

3. Inzi wa matunda. Aina mpya kutoka Asia iligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, ikaenea Afrika Mashariki yote. Hutaga ndani ya embe na pera, na funza wake huingia ardhini kugeuka inzi. Kwa hiyo maembe yaliyooza yasiachwe chini ya mti. Yaokotwe kila siku na kufukiwa shimo la nusu mita.

4. Konokono. Weka ubao mbichi kando ya tuta usiku. Asubuhi utawakuta chini yake. Usiwashike kwa mikono mitupu, na usimwage chumvi, kwani huharibu udongo.

Tukumbuke pia kwamba si kila mdudu ni adui. Nyuki huchavusha maua, na buibui na vinyonga hutulia wadudu waharibifu.

SUMU ZA DUKANI
Hapa ndipo penye hatari kubwa. Sumu iliyotiwa kwenye chupa ya soda ikawekwa jikoni, mtoto huiona kinywaji akainywa. Sumu ibaki katika chupa yake yenye maandishi, ifungiwe mahali pa juu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si dawa ya mboga. Kila dawa ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Mwenye kupulizia mchicha leo na kuuza kesho anamlisha mwenzake sumu, na Uislamu hauruhusu kudhuru wala kulipizana madhara. Jirani anayenunua fungu la mchicha mlangoni kwetu ametuamini. Hiyo ni amana.

Basi kila mwanafunzi aanze na tuta moja tu nyumbani kwao, na alitunze mwenyewe. Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki juhudi zetu na atujaalie riziki ya halali iliyo njema. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.