Fundi Konde: Askari Aliyeshika Gitaa

Ndugu askari na polisi mlio lindoni Malaba, Busia na Tororo, mnaijua vema reli ipitayo Malaba na Tororo. Ilifika Kampala mwaka 1931, na ndiyo iliyowashusha vijana wengi wa Uganda hadi pwani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waliobeba bunduki hukumbukwa kwa gwaride na mashada ya maua. Leo twapenda kumkumbuka aliyebeba gitaa.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama, pwani ya Kenya. Vita vilipopamba moto aliingia jeshi la KAR, ambalo wazee wetu waliliita Keya, akawekwa katika kikosi cha burudani pamoja na wanamuziki wa Kenya na Uganda. Kikosi hicho kiliwafuata wapiganaji Ceylon, Bara Hindi na Bama.

Je, hiyo ilikuwa kazi ya askari? Wako wasemao kwamba apigaye nyuzi hakupigana. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga katika bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, malaria ikiwaangusha watu pamoja na risasi, hata ikaufikia mto Chindwin na kuuvuka mwezi Desemba. Mtu aliye katika hali hiyo huhitaji chakula, dawa, na sauti ya nyumbani. Ampaye sauti hiyo humrudishia moyo wa kusimama tena kesho yake.

Baada ya vita baadhi ya wanamuziki wa kikosi walikusanyika Kampala kwa jina la Rhino Boys, kisha wakavuka mpaka kuingia Kenya. Konde naye alipiga katika bendi ya Peter Colmore, akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme. Sauti ya gitaa kavu hufifia hatua chache tu. La umeme laweza kuongoza bendi nzima. Alirekodi santuri za His Master's Voice, na wimbo wake wa Tausi ukapendwa mno.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Tuzo la Konde lilichelewa. Mitindo mipya ilipovuma katika miaka ya 1960 aliacha jukwaa kwa muda mrefu. Mwaka 1994 ndipo nyimbo zake za kati ya 1947 na 1956 zilipokusanywa katika diski, naye akiwa mzee wa miaka 70 hivi. Alifariki mwaka 2000.

Basi, majina ya wapigaji wa vikosi vyetu yaandikwe wangali hai, pamoja na ya wenzao wa bunduki. Mganda na Mkenya walitumikia chini ya amri moja, na wimbo mmoja uliwatosha wote wawili.