Mgeni Akiumia Shambani Kwako, Nani Analipa?

Leo tuache kidogo mbolea na viuatilifu. Huku Rungwe kuna fursa ambayo vijana wengi wameanza kuichangamkia: una shamba la parachichi, au migomba na kahawa, unajenga vyumba viwili vitatu pembeni, unapokea wageni wanaokwenda Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu au maporomoko ya Kaporogwe. Wanalala kwako, wanachuma parachichi, wanaonja kahawa, wanalipa.

Hapa Ikuti vijana wananiuliza, "Afisa, hiyo biashara inalipa?" Inaweza kulipa vizuri tu. Ila na mimi huwa nawarudishia swali: mgeni akivunjika mguu kwako, nani anamlipa?

Mgeni anayelipa si sawa na shemeji aliyekuja kusalimia

Mimi ni mtu wa kilimo, si wakili, ila msingi wake ni rahisi kuelewa. Tanzania Bara, mahali ambapo hatuna sheria yetu mahususi iliyoandikwa, mahakama hutumia kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1917, mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Maclenan dhidi ya Segar. Mgeni wa hoteli aliumia wakati akijiokoa na moto. Mahakama ikasema mwenye nyumba anayepokea malipo anakuwa ameahidi kwamba jengo lake ni salama kwa kadiri uangalifu na ujuzi unavyoweza kulifanya. Hata kama hakutamka neno, kupokea hela kunatosha.

Wenzetu Kenya wameiweka kabisa kwenye sheria ya bunge, Sura ya 34, inayomtaka mwenye eneo awe na uangalifu wa kawaida kwa kila mgeni wake. Sheria hiyo inakumbusha mambo mawili ambayo hata sisi tunafaa kuyashika. Watoto hawana uangalifu kama wa watu wazima, kwa hiyo jiandae. Na kibao cha "HATARI" peke yake hakikuokoi kama hakimsaidii mgeni kuwa salama.

Mgeni ana miaka 3 ya kufungua shauri la madai ya uzembe. Kwa hiyo usijidanganye kwamba akishaondoka na bandeji yake mambo yameisha. Kweli, na yeye akiwa amechangia, mfano alipanda mti uliomkataza, mahakama inaweza kugawa lawama na kupunguza fidia. Kupunguza tu lakini, si lazima kuifuta.

Shamba lenyewe liko hatarini

Hapa ndipo nataka tuelewane. Wengi mmesajili jina la biashara BRELA na mnaona mko salama. Jina la biashara halikutenganishi na madeni yake. Ukishindwa kesi, unadaiwa wewe mwenyewe: akiba, pikipiki, na hata shamba ulilopanda parachichi miaka minne ukisubiri mavuno. Kampuni yenye dhima ya ukomo inasaidia kutenganisha mali, lakini hata hapo kama uzembe ni wako binafsi, unaweza kushtakiwa wewe.

Bima ulizonazo huenda hazihusiki

Bima ya mazao inalinda mazao. Mchango wako WCF unamlinda mfanyakazi wako anayeumia kazini, haumlindi mgeni. Bima ndogo ya gari inahusu ajali za gari barabarani, haihusu ngazi iliyokatika shambani.

Vipi bima ya mgeni mwenyewe? Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi analazimika kukata bima ya safari ya dola 44. Ni jambo zuri, matibabu yanapatikana haraka. Lakini bima ya aina hiyo ni ya kwake. Haifuti uzembe wako. Na walioweka vyumba Airbnb, kampuni hiyo ina bima ya dhima kwa wenyeji hadi dola milioni 1, kwa masharti yake, na ni kwa wageni waliolipia kupitia mtandao wao. Aliyekupigia simu na kukutumia hela kwa M-Pesa hayumo.

Unachohitaji ni bima ya dhima kwa umma, yaani bima inayolipa pale mtu wa nje anapoumia au mali yake kuharibika kwa sababu yako. Nenda kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na TIRA, kisha useme ukweli wote: kuna vyumba, kuna ng'ombe, wageni wanapanda ngazi kuchuma, wanatembezwa hadi mtoni. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya tatizo. Uliza kiwango cha juu cha fidia, kiasi utakachoanza kulipa mwenyewe, na mambo yasiyohusika. Leseni zako ziwe sawa pia. Mkigombana na kampuni, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kabla ya bima, rekebisha haya

1. Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Juni na Julai huku ni baridi kali, na mgeni ataliomba. Moshi wa sumu usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Mpe blanketi za kutosha.
2. Njia na ngazi. Ukanda wa Tukuyu unapata mvua zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Udongo na mbao vinateleza. Weka changarawe, mikono ya kushikia na taa.
3. Stoo ya viuatilifu ifungwe kwa kufuli. Usiwapeleke wageni kwenye shamba lililopuliziwa leo.
4. Kisima kifunikwe, mbwa afungwe, na mgeni asiingie bandani bila wewe.

Akiumia

Utu kwanza. Mpe huduma ya kwanza, mkimbize kituo cha afya au Makandana, na pale inapohitajika fomu ya PF3 ichukuliwe polisi. Piga picha za eneo, andika saa na majina ya walioona. Mpe pole kwa moyo wote, lakini usisaini karatasi ya kukiri kosa wala kuahidi fidia kabla ya kuitaarifu kampuni ya bima. Sera nyingi zinakataza hilo. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Wiki hii tembea shambani kwako kama mgeni ambaye hajawahi kufika, ikiwezekana jioni baada ya mvua. Kila unapoteleza, andika. Orodha hiyo irekebishe kwanza, halafu nenda nayo kwa wakala wa bima.

Kazi njema.