Udzungwa: wenyeji walijua kabla ya vitabu

Wageni wengi wanaotalii Tanzania huishia Serengeti na Ngorongoro. Siwalaumu, huko simba unamwona umekaa kwenye gari. Mimi nimekulia bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, na kwetu gari halikufikishi mbali. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa huko mwaka 1992 hutembelewa kwa miguu. Unaacha nyuma mashamba ya miwa na reli ya TAZARA, unalipia getini Mang'ula, kisha unaanza kupanda.

Ukielekea maporomoko ya Sanje, yanayoshuka takriban mita 170, utaumwa shingo kwa kutazama juu. Mbega wekundu, utosini wana nywele za rangi ya chungwa, wanajirusha mti hadi mti na majani yanakumwagikia kichwani. Mbega hawa hawapatikani popote duniani ila Udzungwa na misitu ya bonde la Kilombero iliyo jirani.

Sababu ni mvua. Pepo za Bahari ya Hindi zikigonga milima hii huacha unyevu, na zimefanya hivyo hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Misitu ya katikati ikatoweka, ya milimani ikabaki kama visiwa kuanzia Taita, Kenya, mpaka kwetu. Wanyama walionasa humo wakabadilika kila kundi kivyake.

Mwaka 1979 watafiti wawili walisikia mlio wa nyani wasiyemtambua. Msaidizi wao, mtu wa hapahapa, hakushangaa hata kidogo: huyo ni ngolaga. Vitabuni sasa anaitwa mangabei wa Sanje. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa kambini, wameshakula, ndipo wakaona miguu ya ndege ndani ya sufuria. Alikuwa kware wa msituni ambaye sayansi haikuwa na habari zake, na jamaa zake wa karibu wako Asia! Mpishi wao, bila shaka, hakuona ajabu yoyote.

Kati ya hawa, sange mwenye uso wa kijivu ndiye aliyechelewa zaidi kuingia vitabuni. Alitangazwa mwaka 2008. Ana pua ndefu inayochezacheza, anachokoa wadudu chini ya majani makavu, na ukikanyaga kijiti tu ameshatoweka.

Hasara pia tumeiona. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu la milima hii. Mwaka 2000 mtambo wa umeme ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa, lakini ugonjwa wa kuvu ukaja, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa kulelewa Marekani. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Vijiweni watu bado hubishana: umeme au chura? Kwangu swali hilo limekaa vibaya, maana umeme wenyewe unatokana na maji yanayotunzwa na msitu uleule.

Mwaka 2011 hifadhi ilipiga marufuku kuokota kuni ndani ya msitu. Sipingi, miti haioti kwa huruma. Ila mama anayepika kila siku anahitaji nishati nyingine anayoimudu, na akikosa atarudi msituni usiku. Wanaopanga mambo ya Udzungwa wawakalishe mezani wanakijiji wa Sanje na Mang'ula kabla ya kuandika amri, si baada.