Mzembe au Mgonjwa? Demenshia ya Mapema na Ajira Jijini Nairobi

Kiswahili kina maneno tele ya kumweleza mfanyakazi aliyeanza kuharibu kazi: mzembe, mvivu, mlevi, mtu aliyechoshwa na ajira. Neno la kumweleza mfanyakazi ambaye ubongo wake unadhoofika akiwa na umri wa miaka 48 bado halijatulia. Wataalamu huandika demenshia, wengine husema ugonjwa wa kusahau, na mitaani husemwa tu kwamba fulani amerukwa na akili. Suala hili haliwahusu watunga kamusi pekee. Katika ofisi za Nairobi, jina analopewa mtu huyo mwanzoni ndilo huamua ataondoka kazini kwa barua ya aina gani.

Demenshia ni mkusanyiko wa dalili zinazotokana na maradhi mbalimbali ya ubongo, mashuhuri zaidi ukiwa ugonjwa wa Alzheimer. Ikianza kabla ya umri wa miaka 65 huitwa demenshia ya mapema. Aghalabu watu hudhani kuwa haya ni maradhi ya vikongwe, ilhali mgonjwa ambaye Alois Alzheimer alimchunguza hadi ugonjwa ukapewa jina lake, Auguste Deter, alikuwa na miaka 51 tu alipolazwa hospitalini Frankfurt mwaka 1901. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa duniani watu 119 katika kila 100,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 64 wanaishi na hali hii, yaani watu wapatao milioni 3.9. Huo ndio umri wa kulipa karo na mikopo.

Kwa mzee aliyestaafu, dalili hugunduliwa nyumbani. Kwa aliye kazini, mara nyingi ni ofisi inayozifichua, kwa kuwa kazi hudai kupanga, kukokotoa na kufuata hatua. Wala si lazima kumbukumbu ndiyo itangulie kupotea. Baadhi ya aina za demenshia huanzia kwenye tabia: mtu mpole hutoa maneno ya aibu mkutanoni. Nyingine huanzia kwenye lugha, na nyingine kwenye uwezo wa kutambua njia na mahali.

Mfano wa kubuni utasaidia. Karani wa hesabu anaishi Kangemi na kufanya kazi katikati ya jiji. Kwa miaka 20 amepita Waiyaki Way kwa matatu bila kuifikiria njia. Barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipofunguliwa mwaka 2022, sura ya njia ile ilikuwa imebadilika. Wenzake waliizoea upesi. Yeye akawa anashuka kituo kisicho chake na kufika ofisini saa nne. Akapewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Kisha hesabu zikakataa kulingana, akapewa barua ya pili kwa uzembe. Nyumbani mkewe akashuku pombe. Kila kosa lilikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyeyaunganisha.

Hapa sheria ina neno. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua. Kifungu hicho ni cha busara, lakini kinachukulia kwamba anayeelewa leo atakumbuka kesho. Karani huyu huketi kikaoni, huitikia kwa adabu, na keshoye hakumbuki kuwa kulikuwa na kikao. Akikana kwamba anaumwa, huo huenda usiwe ukaidi. Ugonjwa wenyewe unaweza kuharibu uwezo wa mtu kujitambua.

Si haki kumlaumu mwajiri peke yake. Hata daktari wa kwanza huweza kudhani ni uchovu au sonona, na pengine yuko sahihi. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na virusi vya Ukimwi pia huweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi ya hali hizo hutibika. Kwa hiyo uchunguzi ni muhimu hata kama Alzheimer yenyewe haina dawa ya kuiponya. Lakini madaktari wa neva ni wachache nchini, wengi wao wako Nairobi, na picha ya ubongo ni ghali. Anayefutwa kazi hupoteza pia bima iliyolipiwa na mwajiri, wakati ule ule anaoihitaji.

Kawangware hakuna faili wala barua. Muuza mboga anayeweka madeni ya wateja kichwani huanza kurudisha chenji mara mbili, kisha husahau namba ya siri ya M-Pesa. Akiwa mweka hazina wa chama, huitwa mwizi. Wateja huhamia kibanda cha jirani bila kuaga. Binti yake naye huacha kibarua ili amlinde, na nyumba ikawa imepoteza mapato mawili.

Ugonjwa ukitajwa mapema, mambo huweza kwenda vingine. Pat Summitt, kocha wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, alitangaza mwaka 2011, akiwa na miaka 59, kwamba ana Alzheimer. Aliongoza timu msimu mmoja zaidi, wasaidizi wake wakibeba sehemu kubwa ya kazi. Ni kweli alikuwa na jina ambalo karani hana. Hata hivyo, kumwondolea karani mamlaka ya kuidhinisha malipo, kumwachia dawati lile lile na kumwandikia hatua za kazi hakuhitaji umaarufu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya na ulemavu.

Msaada upo pia nje ya ofisi. Shirika la Alzheimer na demenshia nchini, ADOK, lilianzishwa na Elizabeth Mutunga, mwanasaikolojia ambaye baba yake aliugua maradhi haya. Nayo NSSF hulipa mafao kwa mwanachama asiyeweza tena kufanya kazi, ila lazima hali hiyo ithibitishwe na daktari.

Familia inayofika kwa daktari wa neva hufanya vyema kubeba zile barua za onyo. Tarehe zake humwonyesha jinsi dalili zilivyofuatana. Wakili naye ataitaka barua ya mwisho, kwa maana madai ya ajira hufungwa baada ya miaka 3, na uchunguzi huweza kukamilika muda huo ukiwa umekwisha.